Kilima Ndani ya Jengo la Mzee Maduhu

Juzi Suzana alinipigia simu. Suzana ndiye binti aliyechukua nafasi yangu ya kusimamia jengo la maduka la Mzee Maduhu pale Bariadi, na kwa kuwa bado mgeni kazini, hunipigia mara nyingi kuliko wanangu wa kuzaa. Safari hii alikuwa anasafisha stoo. Alitaka kujua kama avitupe vile vipande vya mbao vilivyojaa kwenye ndoo nyuma ya mlango, vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili.

"Mzee, hizi ni kuni au ni nini?"

"Usitupe hata kimoja," nikamwambia. "Umevikuta stoo kwa sababu ni jioni. Kesho wahi kabla maduka hayajafunguliwa, uone vinakokwenda."

Kisha nikakata simu. Sisi wastaafu tunapenda sana kusema neno zito na kukata simu. Baadaye nikaona nimemwonea. Mtu akikuuliza kama kitu ni kuni, anastahili jibu refu kidogo. Basi jibu ni hili, nalo si la Suzana peke yake. Ni la ninyi nyote mnaosomea usimamizi wa majengo, na la wale ambao hamkusomea chochote ila mlikabidhiwa rundo la funguo mkaambiwa, "Angalia hapa."

Mimi nilisomea. Nina shahada, na niliining'iniza ukutani ofisini mpaka mchwa walipoisoma wakaimaliza. Wapangaji waliniita Injinia, ingawa sikuwa injinia. Mwanzoni niliwasahihisha, baadaye nikaizoea, na mwishoni nilikuwa naitika hata nikiwa nimeitwa kuja kuzibua sinki.

Jengo lenyewe wengi wenu mnalijua, hata kama ni kwa picha tu. Lilichorwa na msanifu mwenye jina kubwa, ambaye hapa nitamwita Msanifu tu, kama tulivyomwita sote. Mzee Maduhu, mnunuzi wa pamba, alimfuata mpaka Dar es Salaam wakati Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa na mji kuanza kujaa vioo vya bluu. Alitaka kitu ambacho jirani yake hana. Alikipata.

Mbele hakuna kioo. Kuna ukuta wa matofali ya matundu toka chini hadi juu, na kwa sababu hiyo hewa inapita na ndani kuna ubaridi hata siku ambazo lami nje inanata kwenye viatu. Hakuna plasta. Hakuna rangi. Zege limeachwa kama lilivyotoka kwenye mbao za fundi, na ukisogea karibu unaona alama za mbao zile, mpaka za misumari. Msanifu alisema zege likiwa limemwagwa vizuri halihitaji kuvalishwa nguo.

Watu wa Bariadi walisema hela zimemwishia mzee.

Kila mwaka alikuja fundi rangi mpya kuomba kazi. Bodaboda waliokuwa na kijiwe mbele yetu walinisalimia kwa swali moja: "Injinia, plasta lini?" Kuna mgeni mmoja wa serikali, mtu mzima mwenye heshima zake, alisimama mbele ya jengo lililokuwa limeshafanya kazi kwa miaka, akaniambia kwa upole, "Likiisha litapendeza." Nikamjibu, "Tunajitahidi, mheshimiwa." Usibishane na mtu kuhusu kitu anachokitazama kwa macho yake mwenyewe. Mwonyeshe choo. Choo kikiwa kisafi, mtu atasamehe hata plasta.

Na paa. Mkipewa jengo lenye paa la bapa, msimu wa pamba pandeni juu na fagio kila wiki. Hilo hamtafundishwa darasani. Malori yanapita yamebeba pamba, upepo unavuma, na nyuzi zile nyeupe zinatua juu ya paa na kutambaa taratibu mpaka kwenye matundu ya kutolea maji. Zinajisokota humo kama zimesukumwa kwa makusudi. Mvua ya kwanza ikinyesha unakuwa na bwawa juu ya kichwa. Mimi nililijua hilo siku ambayo maji yalipenya mpaka chini na dari la muuza simu likamwagikia simu. Tangu hapo fagio la paani lilikuwa na jina langu.

Lakini nilikuwa nawaambia habari ya mbao.

Kilichompa Msanifu sifa zaidi ni kilichomo ndani. Badala ya ngazi aliweka njia ya mteremko, pana kama barabara ya mtaa, inayoanzia mlangoni na kupanda taratibu ikizunguka uwazi wa katikati mpaka kwenye fremu za maduka ya juu. Ngazi ipo, lakini ni ya dharura, iko nyuma na ni nyembamba kama kinywa cha chupa. Maelezo ya Msanifu yalisema mteja atapanda bila kujua kwamba anapanda. Watu wakaiita kilima. Ofisini kwangu palitundikwa mchoro wake mkubwa wa kilima hicho ukiwa na watu: warefu, wembamba, wamevaa kofia, hawana mzigo wala mtoto mgongoni, wote wanapanda. Mmoja ana puto. Nilikaa na watu wale kwa muda mrefu, na kwa muda mrefu walikuwa ndio watu pekee waliopanda.

Maana hapa kwetu juu ni ofisini. Mtu wa Itilima au Maswa akija mjini kununua kitenge, anatembea mbele ya maduka, anaangalia, anashika, anaulizia, anaendelea. Huko juu mtu huenda akiitwa. Huenda kugongewa muhuri, kukaripiwa, kuambiwa aje kesho. Hakuna aliyewahi kuitwa juu akashuka anacheka. Ukimwambia mtu nguo ziko ghorofani, anakushukuru na kuvuka barabara.

Fremu za chini zilijaa kabla ya funguo kutoka. Za juu zikabaki na popo. Aliyekubali kwenda juu alikuwa mmoja, Mama Minza, muuza vitenge, na alikwenda kwa kuwa chini hapakuwa na nafasi na sokoni alikuwa ameshaachia kibanda.

Ni lazima niwaeleze alichoweka Mama Minza. Mumewe alipofariki alimwachia ng'ombe, na shemeji zake kule Itilima walitaka ng'ombe wakae kwenye zizi la ukoo, na yeye akae karibu nao. Yeye akauza. Aliuza karibu wote, akajaza duka. Shemeji mkubwa alimwambia mbele ya watu kwamba ng'ombe anazaa, kitenge hakizai, na kwamba wanamsubiri. Hawakumtukana, hawakumpiga. Walimsubiri tu. Mama Minza aliniambia hayo siku ananipokea funguo mkononi, kwa sauti ya mtu anayekuambia leo kuna jua.

"Kwa hiyo Injinia, nifundishe. Watu wanapandaje hapa?"

"Watapanda bila kujua kwamba wanapanda, mayu," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma. Nilikuwa nimeisoma kwenye maelezo.

Hawakupanda. Wiki zikapita. Mama Minza alikuwa anafungua asubuhi, anapanga vitenge mlangoni kwa rangi, anakaa, halafu jioni anavipangua. Nilipopita kukagua taa alikuwa ananisalimia kwa furaha iliyonitisha, kama mtu anayemwona binadamu.

Nikaamua kutumia elimu. Kwanza nilichora mshale mkubwa sakafuni, mweupe, kuelekea juu. Kesho yake bodaboda akapanda na pikipiki. Aliniambia ameona alama ya barabara. Alikuwa amebeba godoro na abiria, na alipofika juu akashindwa kugeuza, tukashuka naye kinyumenyume, mimi nimeshika godoro, abiria ameshika kichwa. Nikafuta mshale. Nikaweka spika ya muziki kule juu. Muuza dawa wa chini akalalamika kwamba wagonjwa wake hawasikii wanavyoelezwa kumeza vidonge. Nikaandika tangazo la maneno mazuri sana. Mama Minza alilisoma lote, akasema, "Umeandika vizuri, baba." Alikuwa hajawahi kuniita baba. Nikajua hali ni mbaya.

"Mpaka msimu wa pamba," akasema. "Watu wakipata hela za pamba na bado wasipande, nitafunga. Nitarudi kwa shemeji zangu wanicheke vizuri, wamalize."

Sasa mnapaswa kujua jambo moja kuhusu mafundi cherehani. Ng'ambo ya barabara, chini ya maturubai, walikaa mafundi watatu, mkubwa wao akiitwa Shija. Kwa Mzee Maduhu hawakuruhusiwa kukaa. Msanifu alikuwa ameeleza wazi kwamba kilima na ukumbi wa chini vibaki vitupu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiusimamia huo utupu. Nami nikausimamia vizuri, na ukatimia.

Siku moja mwezi wa tatu mvua ilishuka kwa ghafla, ikiwa na upepo. Maturubai yaliruka. Niligeuka nikaona Shija na wenzake wanavuka barabara wamebeba cherehani mabegani kama majeneza, na nyuma yao wateja wao, mbio, kina mama wamefunika vichwa kwa mifuko. Wakaingia. Ukumbi wa chini ulishaingiwa na maji, maana mvua ya upepo haiogopi matofali ya matundu. Pakavu palikuwa kilimani tu. Wakapanda, wakakaa katikati ya mteremko.

Nikawafuata. "Shija, mvua ikikatika mnashuka."

"Injinia, mvua ikikatika nani atapenda kukaa kwenye mteremko? Mimi ni mbuzi?"

Mvua haikukatika upesi. Na hapa ndipo ile tabia yetu ilipofanya kazi. Mnajua wenyewe: hapa hakuna mtu anayemwachia fundi kitambaa akaondoka. Ukiondoka, kitambaa kinakwenda nyuma ya foleni, kesho inakuwa kesho kutwa, na sikukuu inapita umevaa ya mwaka jana. Kwa hiyo mtu anakaa. Anakaa palepale, macho kwenye sindano, mpaka ya kwake iishe. Shija alipoanza kukanyaga cherehani, wateja wote waliketi kilimani pembeni mwake, na walioona watu wamekaa wakaja kuona kuna nini.

Bibi mmoja aliyeleta kitambaa cha gauni akaambiwa kimepungua. Shija akapima tena. Kilikuwa kimepungua kweli, mikono haitatoka.

"Basi nishone bila mikono?" bibi akauliza.

"Bibi, kwa umri wako?"

"Umri wangu una nini? Mikono ninayo."

Watu wakacheka, na kicheko kikapanda juu. Mama Minza akatokeza kichwa kule juu kwenye ukingo, akamwamkia. "Mwangaluka, mayu! Kinafananaje hicho kitambaa chako?" Bibi akakinyanyua. Mama Minza akatazama. "Ninacho. Njoo uone."

Bibi akaangalia kilima kilichobaki. Akamwangalia Shija, kwa maana ya "usithubutu kugusa ya mwingine kabla sijarudi." Akapanda. Hakupanda bila kujua kwamba anapanda. Alilalamika hatua kwa hatua. Lakini aliposhuka na mikono ya gauni lake, na kanga ambayo hakuwa amekuja kununua, wawili waliokuwa wanamsubiri Shija walishanyanyuka kwenda kutazama na wao. Walikuwa hawana la kufanya. Kukaa kwa fundi ni kazi ya kuchosha.

Mvua ilipokatika nilisimama chini ya kilima na maneno yangu ya kuwashusha mafundi. Nikamwona Mama Minza juu anakunja vitenge walivyovurugavuruga wateja. Alikuwa anavikunja polepole sana, kama mtu anayekula chakula asichotaka kiishe. Nikarudi ofisini. Nikamtazama yule mtu wa puto. Kesho yake mafundi walipoleta cherehani tena, nilikuwa paani na fagio langu, ingawa haukuwa msimu wa pamba.

Tatizo lilikuwa mteremko. Cherehani ya miguu ikiwa imeinama inakimbiza mkanda, inakata uzi, na polepole inasafiri kwenda mlangoni. Shija aliweka matofali, yakasagika. Nikaona hapa ndipo shahada itakapolipa. Nikapima mteremko, nikapiga hesabu ya pembe, nikamchorea seremala, na seremala akakata vipande safi kabisa, laini, vya mninga. Nikaviweka mwenyewe chini ya miguu ya cherehani, watu wamekaa wanaangalia. Nikasimama pembeni.

Cherehani ilikuwa imeinama mara mbili ya mwanzo. Nilikuwa nimeweka upande mnene kwa juu.

"Injinia," akasema Shija, "sasa hii ni ya kushonea au ya kuteleza?"

Nikavigeuza. Ikakaa sawa, maji yakiwekwa juu yake hayamwagiki. Shija akakaa kwenye kigoda chake, na yeye ndiye akawa ameinama. Tulikuwa tumesahau kigoda. Kwa siku nzima alishona nguo zilizonyooka akiwa amelala upande kama mtu anayesikiliza ukuta. Kesho yake vigoda navyo vikapata mbao zao. Niliwapanga wote upande wa ukutani, upande wa ukingo ukabaki wazi ili mtu apite, na jioni mbao zikawa zinarudi stoo kwenye ndoo, maana mbao za mninga zikilala nje Bariadi haziamki.

Msimu wa pamba ukafika na watu wakawa na hela. Kilima kikajaa. Walikuja na vitambaa walivyonunua kwingine, wakakaa kwa Shija, wakachoka kukaa, wakapanda. Mama Minza akaanza kuniita Injinia tena. Fremu mbili za juu zikapata wapangaji, popo wakahamia kwenye jengo la jirani la vioo vya bluu.

Ndipo Mzee Maduhu akapiga simu.

"Msanifu anakuja Alhamisi na mpiga picha. Wanatengeneza kitabu cha kazi zake. Kilima kiwe kitupu kama kwenye mchoro. Hao mafundi watoke, na wasirudi. Nilimuahidi mtu."

"Mzee, ni msimu. Wakitoka sasa..."

"Injinia, hilo jengo watu wanatoka mbali kuja kulitazama. Hawaji kutazama cherehani."

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningesema hivyo mwaka mmoja nyuma, tena kwa Kiswahili kirefu zaidi. Nilipanda kumwambia Mama Minza. Alikuwa anapima kitenge kwa mkono, akaendelea kupima mpaka mwisho, akakata, akampa mteja, akamrudishia chenji, akamshukuru kwa "wabeja," mteja akashuka. Ndipo akanigeukia.

"Ukiwaondoa, niambie leo. Nisinunue mzigo mpya. Shemeji yangu atakuja na mkokoteni, atakuwa na furaha, atanisaidia hata kubeba."

Nikamwambia nitaona. Neno "nitaona" ni neno baya kuliko yote katika kazi hii. Mlitumie mara chache. Jioni hiyo nilizungumza na Shija. Yeye hakuwa na shida. Alisema atatoka Alhamisi alfajiri, na kama ni kutorudi, maturubai yake bado yapo ng'ambo, yametoboka lakini yapo. Mafundi wameshazoea kufukuzwa; ndiyo sababu cherehani ina mshikio.

Alhamisi alfajiri nilifika nikakuta kilima kimejaa.

Ilikuwa familia ya harusi kutoka Lagangabilili. Walikuwa wameingia na gari la kwanza wakiwa na sare zilizokatwa lakini hazijashonwa, na harusi ilikuwa Jumamosi. Walikuwa wamekaa toka chini hadi juu: shangazi, dada, wifi, watoto, vyombo vya uji. Shija alikuwa katikati yao, amezungukwa, ananiangalia kwa macho ya mtu aliyetekwa.

Mkubwa wa familia alikuwa bibi aliyekaa kwenye kigoda alichokuja nacho. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba anakuja mgeni mkubwa, aliyelichora jengo hili, na kwamba tunaomba wasogee ng'ambo kwa muda, na cherehani zao, na vitambaa vyao.

"Huyo mgeni anataka kushona?"

"Hapana, bibi. Anataka kupiga picha."

"Apige."

"Anataka kupiga pakiwa patupu."

Bibi akafikiri. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi nguo yangu iko pale chini ya sindano. Mimi naondoka nayo. Kama unaondoa watu, anza na hao ambao nguo zao zimeisha." Akaangalia huku na huku. "Hakuna."

Gari la Mzee Maduhu lilisimama nje. Alitangulia yeye, akaona kilima, akaniangalia, na nikajua kwamba kustaafu kwangu kunaweza kusingoje umri. Nyuma yake akaingia Msanifu, mzee mdogo wa umbo, shati jeupe, na mpiga picha mwenye mabegi.

Msanifu alisimama pale mlangoni. Shija aliacha kukanyaga. Watoto peke yao ndio waliendelea na uji.

"Hawa ni akina nani?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Yalikuwa mazuri, yana sehemu tatu. Nilipotazama juu nikamwona Mama Minza kwenye ukingo, mikono juu ya zege. Maelezo yakanitoka yote.

"Ndio wale uliowachora, mzee," nikasema. "Wamechelewa kufika kidogo. Ukinitaka niwashushe nitawashusha, lakini yule mama wa juu atafunga duka, na hapa atabaki yule mtu wako mwenye puto."

Mzee Maduhu akakohoa kikohozi cha mwajiri. Mpiga picha akauliza kama angalau wanaweza kuondolewa kwa nusu saa. Bibi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Nusu saa ni mikono miwili ya sare."

Msanifu hakucheka wala hakukasirika. Alipanda mpaka kwa Shija, akachuchumaa kwa taabu, akavuta kipande kimoja cha mbao kilichokuwa hakijawekwa, akakigeuza mkononi.

"Nani amepiga hesabu ya hiki?"

"Mimi."

"Kiko sawa."

"Mara ya pili, mzee. Mara ya kwanza nilikiweka kinyume."

Akatia kile kipande mfukoni, akainuka, akaendelea kupanda kati ya miguu ya watu, akiomba njia. Kule juu Mama Minza alimkaribisha kama mteja. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia.

"Karibu, baba. Nasikia ndiye wewe ulijenga hapa?"

"Nilichora tu, mama."

"Umechora vizuri. Kuna ubaridi." Akangoja kidogo, kwa adabu. "Plasta je, mtapiga?"

Alinunua kitenge. Mzee Maduhu, alipoona mgeni wake anashuka na mfuko wa Mama Minza mkononi, hakunikumbusha tena habari ya kuwatoa mafundi, siku ile wala baadaye. Wakubwa hawabatilishi amri. Huwa wanaiacha izeeke. Kitabu nilikiona baadaye. Picha ya kilima imepigwa kutoka nje, kupitia kwenye matofali ya matundu, ni vivuli vitupu na mwanga. Inapendeza. Ukijua pa kuangalia, kwenye kona ya chini kuna gurudumu la cherehani.

Siku hizi naishi Nyashimo, barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Msanifu amejenga hapa jengo jingine, nalo halina plasta, na watu wanauliza. Lina kilima. Lakini kilima cha hapa kila baada ya mwendo mfupi kina sehemu bapa, pana kiasi, na pembeni soketi ya umeme. Siku ya uzinduzi nilikuwepo, nikamsikia akieleza kwamba ni mahali pa mtu kusimama na kutafakari. Fundi wa kwanza kutafakari alihamia pale wiki ileile.

Mama Minza? Kabla sijastaafu, fremu ya chini ilibaki wazi, ile ya mbele kabisa, karibu na mlango, ambayo watu waliigombania. Mzee Maduhu akasema apewe yeye wa kwanza, kwa heshima ya kuvumilia. Nikampandishia funguo mwenyewe, kwa magoti yangu haya, nikijua naleta habari njema. Alikuwa na shemeji yake mkubwa dukani, yuleyule, amekaa amechoka kwa kupanda, anachagua sare za harusi ya mwanawe.

Mama Minza akazitazama zile funguo, wala hakuzipokea.

"Chini nikafanye nini, Injinia? Huko watu wanapita tu."

Basi jana asubuhi Suzana alinipigia tena. Nyuma ya sauti yake nilizisikia cherehani.

"Mzee, nimeona vinakokwenda. Kuna fundi mpya anataka kupanda, na mbao hazitoshi. Nimeshampata seremala. Unanipa vipimo?"

Nikampa. Akaandika. Alikuwa anataka kukata simu, na safari hii sikumwacha.

"Suzana. Upande mnene uelekee chini. Na usisahau kigoda."